Pop au indie? Ngoma za 2024 nimezipanga mbili mbili, chagua mwenyewe

Listi za ngoma bora za mwaka huwa zinanichosha kitu kimoja, mtu anakupangia ngoma hamsini kuanzia mkiani mpaka namba moja alafu hakwambii hata hiyo namba moja ni ya kusikiliza saa ngapi, ukiwa na hali gani, na kama ulishaipenda ile ya tano je ya ishirini itakufaa au utapoteza muda tu. Mi kwa 2024 nimeamua kufanya kivingine. Nimechukua zile siku ambazo pop na indie ziligongana, yaani Ijumaa moja (albamu nyingi duniani zinatoka Ijumaa) kinadondoka kitu cha kupigwa kila redio na hiyohiyo Ijumaa kinadondoka kitu cha watu wa magitaa na huzuni zao (hiyo ndo naiita indie), nikaviweka sambamba tuone uanze na kipi. Na 2024 viligongana kweli, angalia tarehe mwenyewe.

Kipimo changu nakisema mapema ili tusije tukalaumiana. Sipimi nani ana sauti kali zaidi wala nani kauza sana, napima utamu unaingia dakika ya ngapi. Espresso ya Sabrina Carpenter, ngoma iliyosikilizwa kuliko zote Spotify mwaka huo, haifiki hata dakika 3 kamili. Sasa chukua Alone ya The Cure, bendi kongwe ya Uingereza, ile waliyoiachia Septemba kabla ya albamu yao ya kwanza ndani ya miaka 16, mwimbaji wao Robert Smith hafungui mdomo mpaka dakika 3 ziwe zimeshapita. Yaani Espresso imeanza, imekuchekesha, imeisha, na jamaa bado hajaimba neno. (Najua kuna atakayesema The Cure sio indie, sawa, yaishe.) Kwa mimi tofauti kubwa ya hizi pande mbili mwaka ule ilikuwa hapo, mengine ni mbwembwe, kwaiyo swali sio unapenda pop au indie, swali leo una subira kiasi gani.

Machi 22: Hozier na Waxahatchee

Siku hii Hozier kaachia EP (albamu fupi) ya nyimbo 4 inaitwa Unheard, makombo yaliyobaki nje ya albamu yake ya 2023, na katika hayo makombo kulikuwa na Too Sweet ambayo ikaenda kukaa namba 1 Marekani. Hata Take Me to Church haikufika huko, ile iliishia namba 2. Kinachoibeba ni besi, besi nzito inayotembea taratibu kama haina haraka na mtu, alafu jamaa juu yake anamwambia mpenzi wake we unaishi maisha ya watu wema, unalala mapema unaamka na jua, mi sio mtu wa hivo. Ukishasikia ile besi umeshajua kama utaipenda au la. Hakuna siri nyingine ndani.

Siku hiyohiyo Katie Crutchfield, yule anayejiita Waxahatchee, kaachia albamu Tigers Blood, na ndani yake kuna Right Back to It aliyoimba na MJ Lenderman. Hii ndo ngoma yangu ya mwaka kwahiyo nivumilie kidogo. Inaanza na banjo, na hiyo banjo haikimbii, inadondosha noti moja moja huku dramu ikifuata nyuma kwa uvivu, na vesi nzima unaweza kudhani hakuna kinachotokea. Alafu kiitikio kinakuja na Lenderman anaingia chini ya sauti ya Katie, na jamaa sauti yake sio nzuri kwa maana ya watu wa mashindano ya kuimba, ina mikwaruzo, inaelekea kuteleza, lakini ndo maana inafaa, kwa sababu wimbo wenyewe unahusu mapenzi ya muda mrefu, yale ya kuzinguana, mmoja anajitenga, anawaza vibaya, alafu anarudi palepale kama hakuondoka. Sauti mbili zilizonyooka sana zingeharibu. Nyimbo za mapenzi mapya zimejaa na za kuachana ndo usiseme, za watu waliokaa pamoja miaka na bado wapo ni za kutafuta.

Kama unataka kitu cha kuwasha gari na kuondoka, Too Sweet. Kama una mtu uliyekaa naye muda na leo asubuhi mmenuniana, Right Back to It, wala usifikirie mara mbili. Na ukimaliza Waxahatchee bado una nguvu, Adrianne Lenker naye alitoa Bright Future siku hiyohiyo (nimekwambia ziligongana), imerekodiwa kwa tepu za zamani bila kompyuta, anza na Sadness as a Gift, ila sio ukiwa umeachwa wiki hii. Subiri kwanza.

Machi 29: Beyoncé na Cindy Lee

Wiki moja tu mbele. Huyu mmoja hahitaji utambulisho, Cowboy Carter ni vipande 27, inazidi saa 1, na ndo iliyomletea Grammy ya Albamu ya Mwaka Februari 2025. Yule mwingine wengi hamumjui. Cindy Lee ni jina la jukwaani la Patrick Flegel, zamani alikuwa kiongozi wa bendi ya Kanada iliyoitwa Women, na Machi 29 katoa Diamond Jubilee, nyimbo 32, saa 2 na ushee, na hakuipeleka Spotify wala Apple Music. Kaiweka YouTube kama video moja ndefu, na kwenye tovuti ya Geocities yenye sura ya intaneti ya miaka ya 90 ukitaka kupakua. Hamna singo (wimbo wa kutanguliza kabla ya albamu) wala tangazo la maana, na bado wakosoaji wakaichanganyikia.

Kinachonifurahisha ni kwamba hawa wawili waliamka siku moja wakafukua kaburi lilelile, muziki wa miaka ya 60. Sikiliza Ya Ya ya Beyoncé, pale kachukua kipande cha These Boots Are Made for Walkin' na kachomeka mistari ya Good Vibrations, gitaa linachemka, makofi, miguu inakanyaga, ana haraka, anataka usimame. Cindy Lee kachukua sauti za vikundi vya wasichana vya enzi zilezile, sauti nyembamba ya juu, mwangwi mwingi, lakini kazirekodi kama zina vumbi, zinasikika kwa mbali. Chukua If You Hear Me Crying, melodi yake ingekuwa hiti mwaka 1964 bila shida, lakini imefichwa nyuma ya ukungu na inabidi uifuate we, yenyewe haikufuati.

Hapa nimegawanyika na nitasema hivyohivyo. Kwa wimbo mmoja mmoja Beyoncé anashinda, na Bodyguard kwangu ndo bora humo ndani, imetulia, haijaribu kuthibitisha chochote kwa mtu, tofauti na nyimbo kadhaa za albamu ile ambazo unasikia kabisa zinajibu hoja za watu. Texas Hold 'Em ilimfanya mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza chati ya nyimbo za kantri ya Billboard, na banjo unayoisikia pale mwanzo ni Rhiannon Giddens, kwaiyo mwaka 2024 kama ulikuwa unaona banjo ni chombo cha wazee basi mwaka ulikukosesha raha kote kote. Ila kwa kukaa na kitu kutoka mwanzo mpaka mwisho namchukua Cindy Lee, na sababu ni ya ajabu kidogo, ile video moja ndefu haikupi nafasi ya kurukaruka, unaiacha itembee, na nyimbo ambazo ungeziruka kwa sekunde kumi ndo zinakuja kukunasa baada ya nusu saa. Kama hauna saa 2 usijilazimishe. Utaichukia bure.

Aprili 5: Chappell Roan na Vampire Weekend

Good Luck, Babe! ndo ngoma inayovuruga kipimo changu chote. Ni pop ya waziwazi, imetengenezwa na Dan Nigro, sinthesaiza za miaka ya 80 zimejaa, kiitikio kinaruka juu mpaka sauti inataka kupasuka, kila kitu kiko pale kuanzia mwanzo. Lakini utamu wenyewe umefichwa mwishoni kabisa. Anamuimbia msichana waliyependana ambaye anakataa kukiri, anajidanganya na wanaume, na dakika mbili za kwanza anamtakia kila la heri kwa dharau tamu, unacheka naye. Ikifika briji, kile kipande kabla ya kiitikio cha mwisho, kicheko kinaisha. Anaanza kumpigia picha ya miaka mingi baadaye, yule msichana keshaolewa, kaamka usiku, anakumbuka, na Chappell sauti inapanda, inapanda, mwishoni karibu anapiga kelele, na mara ya kwanza ukiisikia unajua kabisa kwamba zile dakika zote za dharau alikuwa anavumilia. Alafu kiitikio cha mwisho kinarudi na wimbo unaanza kupungua kasi, unazama, sauti inakuwa nzito kama kaseti inayoishiwa betri, na kwisha. Ni ngoma ya redio, ilifika namba 4 Marekani, na imejengwa hivo! Wengine wangekata huo mwisho wakaweka kiitikio mara mbili.

Bendi ya Vampire Weekend siku hiyo walitoa Only God Was Above Us. Capricorn ndo ningekupa kwanza, inaanza kwa upole, mwimbaji wao Ezra Koenig anamuimbia mtu anayejiona kachelewa kila kitu, mzee kwa mambo fulani na mtoto kwa mengine, alafu taratibu makelele yanaingia, gitaa lenye kutu, dramu zinazosikika kama zimewekwa karibu mno na maiki, na chini ya hayo yote melodi bado ni laini. Nzuri sana, sikatai. Ila ukiziweka hizi mbili sambamba unaona wajanja wa indie wamepitwa na dada wa pop kwenye mchezo wao wenyewe, maana Capricorn inakwambia ina kina tangu sekunde ya kwanza, na Good Luck, Babe! inakuchezesha kwanza alafu ndo inakuonyesha shimo. Kwa mtu mmoja aniulize wimbo gani wa kumpa rafiki asiyesikiliza indie kabisa ili aanze kuzoea nyimbo za kusubiri, sitampa Capricorn, nampa huu.

Mei 17: Billie Eilish na Beth Gibbons

Hii nayo tarehe imenichekesha. Billie Eilish, miaka 22, katoa Hit Me Hard and Soft, nyimbo 10, bila kuachia singo hata moja kabla. Beth Gibbons wa bendi ya Portishead, miaka 59, katoa Lives Outgrown, nyimbo 10, albamu ya kwanza ya peke yake yenye nyimbo zake mpya, kaitengeneza kwa karibu miaka kumi. Mmoja alikuwa hajafika 25, mwingine alikuwa anakaribia 60, na ngoma zao kubwa zote mbili zinaongelea kifo.

Birds of a Feather watu hawasikii hilo. Biti ni nyepesi, gitaa linameremeta, Billie na kaka yake Finneas wamefanya kitu chepesi kuliko vyote walivyowahi kufanya, wapenzi wanatumiana usiku kucha, lakini fuatilia maneno, anaongelea kupenda mpaka kaburini, mpaka kuoza, anaongelea jeneza kabisa. Na karibu na mwisho Billie, ambaye miaka yote tumezoea ananong'ona, anaachia sauti kifua chote. Kama ulimkimbia zamani kwa sababu ya minong'ono rudi hapa.

Floating on a Moment haifichi chochote. Besi moja, gitaa la nyuzi za chini, Beth anasema wote tunaelekea kusikokuwepo, alafu watoto wanaingia kumjibu. Hapo watoto ndo pananimaliza. Sauti za watu wazima zingeimba mstari uleule ungekuwa mahubiri, wakiimba watoto unapata baridi mgongoni maana wao hawajui wanachosema. Prodyuza ni James Ford, jina hilo lishike litarudi.

Nani achague nini? Mchana Billie, usiku Beth, sina maelezo zaidi. Kama mwaka huo ulizika mtu, Beth tu, ule mwingine utakuudhi.

Juni: Charli XCX na yeye mwenyewe

Brat ilitoka Juni 7 na sitaipambanisha na mtu, ile jalada la kijani lilikuwa kila mahali mpaka ikawa kero. Nitalinganisha Girl, so confusing na Girl, so confusing. Ya kwanza ipo kwenye albamu, Charli analalamika kuhusu msanii mwenzie wa kike, hajui kama wanapendana au wanachukiana, watu wanawafananisha nywele. Wiki 2 baadaye, Juni 21, inatoka upya na huyo mwenzie mwenyewe, Lorde, anajibu ndani ya wimbo. Anasema kwanini alikuwa anakwepa, kwamba alikuwa vitani na mwili wake mwenyewe, anakonda, ananenepa, anaogopa kupigwa picha. Biti ni ileile, ya klabu, kavu, haina huruma, na juu yake mtu anaomba radhi. Ya kwanza unaweza kuiruka kabisa ukaenda moja kwa moja kwa ya Lorde? Kiukweli hapana. Ipige ya kwanza hata mara moja ili ule umbea ukukae, alafu ya pili. Tofauti na hapo jibu linakuja bila swali.

Kidogo tu kwa waliochoka na Espresso

Maana najua mpo. Julai 12 Clairo katoa Charm akiwa na prodyuza Leon Michels, na wimbo unaoitwa Juna una kitu kilekile cha Espresso, yaani kutongozana, kujisikia umependeza, ila badala ya kujisifu mwenye kuimba ndo anayeyuka. Piano, besi laini, na karibu na mwisho Clairo anaiga tarumbeta kwa mdomo, anafanya kabisa prrr prrr na ameiacha hivohivo. Sabrina asingeiacha, angelipa mtu wa tarumbeta. Nachagua Clairo.

Agosti 23: watatu kwa mpigo

Siku moja: Short n' Sweet ya Sabrina Carpenter, Romance ya bendi ya Fontaines D.C. kutoka Dublin, na Imaginal Disk ya Magdalena Bay. Aisee.

Kwa Sabrina weka Taste, ndo inafungua albamu, ni kijembe kwa mwanamke aliyerudiana na jamaa, na gitaa lake limekaa vizuri mno kwa wimbo wa masimango. Ni fupi, inachekesha, baada ya hapo hauna deni nayo.

Fontaines D.C. wana Starburster, na hii sio ya kila mtu. Mwimbaji wao Grian Chatten aliiandika baada ya kupatwa na shambulio la hofu kwenye stesheni ya St Pancras, London, na kiitikio kina pumzi, yaani jamaa anavuta hewa kwa nguvu kama anazama, tena na tena, imewekwa kwenye biti kama chombo. Ukiwa na hedifoni unaisikia shingoni. Kama una shida za namna hiyo mwenyewe chagua Favourite, wimbo wa mwisho wa albamu ileile, gitaa linang'aa, unaweza hata kuupiga asubuhi ukideki. Prodyuza wa hii Romance ni yuleyule James Ford wa Beth Gibbons, miezi mitatu tofauti, na ukimsikiliza kote kule utaona anachofanya ni kuacha nafasi tupu kuzunguka sauti ya mtu.

Magdalena Bay ndo wamenichanganya. Ni watu wawili, Mica Tenenbaum na Matthew Lewin, wana kiitikio cha pop kama Sabrina na wana uchizi wa indie kuzidi Fontaines, albamu nzima ni hadithi ya mhusika anayeitwa True anayewekewa diski kwenye paji la uso na mwili unaikataa. Usiogope hiyo hadithi, hata usipoifuata haikuzuii kitu. Tatizo lake ni moja, ngoma zinashikana, mwisho wa hii unaingia mwanzo wa ile, kwaiyo ukizichomoa kwenye pleilisti zinasikika zimekatwa. Jaribu Image peke yake kwanza, ile ndo rahisi. Ikikukaa nenda Death & Romance, ile ya piano inayogonga na dramu zinazofumuka, na kama hiyo nayo imepita anza albamu upya kutoka wimbo wa kwanza na uzime ile shafo, tafadhali.